Gari Lisilo na Katikati

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ile ya Julai inayoingia hata ndani ya soksi.

Mwanangu, picha ya pikapu kuukuu uliyoipata Kangemi imenifikia. Unaniuliza uanze kung'oa nini. Mimi shule niliiachia darasa la nane, na sijui kama nina haki ya kumfundisha mtu mambo ya magari. Lakini nakumbuka Jumapili moja, na naona heri niiandike kabla hujashika spana.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kibarua katika gereji moja ya Westlands. Hapa mtaani Jamhuri, nyuma ya nyumba, baba yangu alikuwa na pikapu ya Kifaransa iliyonizidi umri. Kutu ilikuwa imekula milango mpaka ukitia mkono ndani vidole vinaonekana nje. Gia yake ilikuwa kwenye usukani, si sakafuni, na kwa hiyo mbele palikuwa na kiti kimoja kirefu cha plastiki laini, hakuna kitu cha kuwagawa watu. Watatu walienea.

Kila Jumapili watatu hao walikuwa wale wale: baba kwenye usukani, mama dirishani, na katikati Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Susu alikuwa ameumia nyonga. Matatu hakuweza kuipanda, na gari likikata kona hakuweza kujishikilia wima. Baba alimketisha ukingoni mwa kiti, akamsukuma taratibu, naye akateleza mpaka katikati. Kisha mama akaingia na kufunga mlango. Bega la baba upande huu, bega la mama upande ule. Hivyo ndivyo alivyofika kanisani. Safari nyingine hakuwa nayo wiki nzima.

Hayo niliyaona kila wiki, mwanangu. Siwezi kusema sikujua. Niliyaona bila kuyatazama.

Nilipoomba kuifufua pikapu, baba alisema, "Fanya unavyotaka, bora itembee." Nayaandika maneno yake yalivyokuwa, ingawa siyatumii kujitetea. Kwa miezi miwili nilipiga msasa, nikachomelea, nikapaka rangi ya buluu. Kazi hiyo sijutii hata leo. Susu alikosa kanisa muda huo wote, na kila nilipopita mlangoni pake aliniuliza, "Gari yetu imepona?" kama anayeuliza habari za mgonjwa.

"Bado kidogo, Susu," nikamjibu.

Tamaa yangu haikutosheka na gari kupona. Westlands nilikuwa nikiona magari ya vijana wenye nazo, na moyo ukataka kufanana nao. Nikapata viti viwili vya gari la mashindano lililopata ajali, vyenye kingo zilizoinuka pande zote, na gia ya kusimama sakafuni. Nikaipeleka pikapu gereji. Fundi wa bodi alikuwa mzee wa Kisingasinga tuliyemwita Babaji. Akakipapasa kile kiti kirefu, akaniuliza, "Hii kiti makosa yake ni gani?"

"Ni ya kizee, Babaji."

"Hata mimi ni ya kizee. Utaning'oa?"

Mafundi wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Nilipozidi kumsihi alinisaidia, na lawama si yake. Chuma cha kile kiti tulikikata tukakifanya nguzo za viti vipya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Mimi sikuvunjika. Aliyelipia ni mwingine.

Jumapili asubuhi nikaondoa turubai. Mama akapiga kigelegele, majirani wakachungulia. Susu akatoka ameshikwa mkono, amefunga kitambaa chake cheupe cha kanisa. "Imepona!" akasema.

Baba akafungua mlango, akaviangalia viti viwili na gia iliyosimama kati yake.

Tulijaribu. Tulimwinua Susu juu ya kiti cha kushoto, ukingo ukamgonga nyonga, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mama akapanda nyuma penye mizigo. Kufika kona ya geti, Susu aliangukia mlango, na baba hakuweza kumfikia, kwa maana kati yao ilisimama ile gia yangu. Akarudi kinyumenyume mpaka uani.

Hakunifokea. Alizima injini, akasema, "Umefanya kazi safi. Lakini gari hili halina katikati."

Susu akasema, "Muacheni kijana. Nitaomba hapa hapa."

Heri wangenipiga.

Tulikodi teksi mara mbili. Dereva alikuwa mtu wa adabu, sina neno naye. Lakini kiti kilikuwa chini mno, na kumtoa kulihitaji wanaume wawili wamvute mbele ya waumini. Susu aliona aibu, akakataa ya tatu. Nami kila jioni nilizunguka penye vyuma chakavu mjini nikitafuta kiti kama kile. Nilikipata wiki ya tatu baada ya kumzika.

Daktari alisema ni moyo, na umri ulikuwa umekwenda. Labda angekufa hata angekuwa anafika kanisani. Sijui, na sitaki kujipa dhambi isiyo yangu. Lakini zile Jumapili tisa alizokaa kitandani amefunga kitambaa cheupe, akisikiliza kengele za watu wengine, zile ni zangu. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi ndiye mjukuu mwenyewe.

Basi, mwanangu, shauri langu ni hili, ulipime mwenyewe, maana naweza kukosea. Kabla hujalegeza nati moja, panda hiyo pikapu na watu watakaoitumia, mwende wanakokwenda. Tazama nani anaingia kwanza, nani anashika wapi, nani anamwegemea nani. Kutu iondoe, haina rafiki. Lakini kitu kizima usikitoe kwa ajili ya macho ya watu wa barabarani, maana hao hawatapanda nawe. Na ukiharibu, sema siku ile ile. Mimi neno "nisamehe" nililiweka mpaka kiti kipatikane, likakosa wa kuambiwa.

Mungu akupe mikono inayotengeneza na macho yanayotazama. Akupe wazee wa kuwabeba, na akuwekee hai mpaka uwafikishe wanakokwenda.

Jioni mama yako alipika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, na maharagwe. Nilikula kidogo. Sahani yangu bado imefunikwa mezani.