Koplo na Lori la Majani Chai

Majani chai mabichi yakikaa ndani ya gunia chini ya jua huanza kupata joto, na joto hilo lina harufu yake, tamu na nzito, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ichanganye na dizeli na matope mekundu, utakuwa umepata utoto wangu. Juzi nilikuwa nyuma ya lori la majani karibu na Kapsoit, vioo vya gari viko wazi, harufu ikaniingia mpaka kooni. Nikaegesha kando ya barabara. Najua watu wanaonusa harufu ya nyumbani wakatabasamu. Mimi nilikasirika, na ni vizuri mjue mapema kwamba hasira hiyo haijaisha.

Baba yangu aliitwa Kiplangat, lakini pale kijijini kwetu Merigi hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Koplo. Alitumikia jeshi miaka mingi, akapelekwa nchi ya mbali kulinda amani ya watu wengine, na huko bomu la ardhini likalipuka karibu na lori alilokuwa akiliendesha. Alirudi na viungo vyake vyote, ila sikio la kushoto lilikufa kabisa na la kulia likabaki likisikia nusunusu. Mama alipenda kusema jeshi lilimrudishia mume likabaki na masikio, ndiyo maana akimtuma sukari analeta chumvi. Kila asubuhi Baba alitupanga mstari uani, mimi na ndugu zangu, akatukagua kucha na shingo kabla ya shule. Ng'ombe naye alikaguliwa. Siku moja nilimkuta akimkemea jogoo kwa kuchelewa kazini.

Na alikuwa mwanamuziki. Kwa vile masikio yalikuwa yamemwangusha, alilinganisha nyuzi za gita lake kwa meno: aling'ata ukingo wa mbao, akapiga uzi mmoja mmoja, akausikiliza kwa taya. Wageni walicheka wakimwona hivyo, halafu alipoanza kupiga wakanyamaza. Mwenzake alikuwa Otieno, mtu mrefu mwenye pengo la jino, aliyetoka upande wa ziwa kuja kutafuta kazi kwetu. Otieno alikwaruza chupa ya soda kwa msumari. Walikaa magoti yakigusana, ili Baba aupate mdundo kupitia mguu. "Sikio ya Koplo iko kwa goti yangu," Otieno aliwaambia watu, "mkinipa kiti ya mbali mmeharibu harusi." Hakuna harusi iliyokuwa tamu bila hao wawili. Walimu walicheza, wazee wa kanisa walitikisa vichwa kwa siri, na naibu wa chifu mwenyewe nilimwona kwa macho yangu akitoa koti ili acheze vizuri. Mtanisamehe nikiwataja hawa watu wote. Nawataja kwa sababu.

Siku za kazi wawili hao walikuwa kwenye lori moja, Baba kwenye usukani, Otieno akiwa taniboi wa kupakia magunia. Walizunguka vituo ambako wakulima huuza majani yao, kisha wakayapeleka kiwandani. Lori lilikuwa la tajiri mmoja wa pale kwetu. Jina lake silitaji. Wajukuu wake hawana makosa.

Mvua ndefu zilipoanza, breki za lori zikalegea. Baba alimwambia tajiri, tajiri akasema ataangalia. Baba akamwambia tena. Mwishowe akamfuata hotelini mahali alipokuwa akinywa chai ya saa nne. Shule zilikuwa zimefungwa, na mimi nilikuwa nimeandamana na Baba kwa ajili ya mandazi.

"Breki haishiki," Baba akasema, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyejisikia akiongea. "Nikikanyaga, mguu inafika chini."

"Pampu tu, itashika. Majani haingoji mtu."

"Hii si ya kupampu. Ule mteremko wa daraja utaua watu."

Tajiri akawageukia waliokuwa mezani. "Mnaona askari wenu? Alikimbia vita, sasa anakimbia mteremko."

Wakacheka. Mwalimu alicheka. Mzee wa kanisa alicheka. Baba hakusikia maneno yote, lakini midomo aliiona. Akauweka ufunguo kando ya kikombe cha tajiri, akanishika mkono, tukatoka. Otieno alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Sasa mimi nitafanya aje, Koplo?" akauliza. "Nyumba nalala ni yake. Watoto wako huko nyumbani wanangoja."

Baba alimpigapiga begani. Tukaenda zetu.

Usukani alipewa kijana wa ukoo wa tajiri. Haukupita muda mrefu. Ilikuwa mchana, mvua imetoka kukatika, tukasikia honi ndefu isiyokoma ikishuka kuelekea darajani, kisha kishindo. Watoto wote tulikimbia. Lori lilikuwa limelala ubavu. Kijana aliruka, akapona. Otieno alikuwa juu ya magunia, na lori likamlalia.

Wanaume waliliinua kwa magogo wakamtoa, wakamlaza kando ya barabara na kumfunika turubai. Majani yalikuwa yametapakaa kila mahali, kijani kibichi juu ya matope, na harufu ile imejaa bonde lote. Ndipo tajiri akafika na lori jingine. Akamtazama Otieno, akayatazama majani, akasema kwa upole kabisa kwamba yakikaa pale yataharibika. Na watu wetu wakainama. Wale wale waliocheza kwenye harusi wakaokota majani kwa mikono, wakajaza magunia, wakapakia. Lori likaondoka kwenda kiwandani. Otieno akabaki kwenye turubai mpaka jioni, kwa sababu gari la kumbeba, walisema, halikupatikana.

Mimi sikuona ajabu. Hilo ndilo linaloniumiza nikikumbuka. Tangu nizaliwe nilikuwa nimeambiwa majani hayangoji, na nikadhani basi watu ndio wanaoweza kungoja. Baba alipofika, akitokwa na jasho, alikaa chini kwenye matope karibu na turubai, goti lake likiligusa. Hakuna aliyethubutu kumwinua.

Siku ya soko iliyofuata mazishi, Baba alibeba gita akaenda kusimama katikati ya soko. Bila chupa, bila mdundo. Aliimba kwa Kikipsigis wimbo mpya, sauti ikipotea njia na kurudi. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa tajiri na breki zake. Wa pili ulikuwa wa watu waliookota majani mbele ya maiti. Wa tatu, kwa Kiswahili ungesema hivi: nimeuweka ufunguo mezani, nimetoka na mkono wa mtoto, mkono wa rafiki nimeuacha.

Hakumaliza. Naibu wa chifu alikuja na askari, wakasema anachochea watu. Walimnyang'anya gita wakampeleka kituoni, na soko zima likaanza kupima maharagwe kana kwamba hakuna kilichotokea. Alipoachiliwa, gita halikurudi naye, na yeye hakwenda kulidai. Akatafuta kazi ya malori ya masafa marefu, ya kwenda mpakani. Nyumbani tukawa tunamwona kwa nadra. Hakupiga muziki tena, hata tulipomwomba.

Sisi watoto tuliuimba wimbo ule njiani kwa miaka, lakini beti mbili tu. Wa tatu tuliuacha. Mkono wa mtoto ulikuwa wangu, nilijua, na nilidhani alikuwa akijisifu kwamba alijiokoa.

Mwaka jana tulimzika Baba. Hema lilijaa. Mwalimu aliyestaafu alisimama akasema Koplo alikuwa fahari ya Merigi. Mzee wa kanisa akasema hivyo hivyo. Kisha akasimama mama mmoja mzee ambaye wengi hawakumjua. Alikuwa mjane wa Otieno, ametoka upande wa ziwa alfajiri.

"Huyu mtu alikuwa anakuja kwangu kila mwaka wakati wa kulima," alisema. "Analima shamba yangu yote. Paa ikivuja anapanda. Lakini kwa nyumba yangu hajawahi kukaa kwa kiti. Nikimwambia, Koplo, kaa, unywe chai, anasema, mama, nitakaa siku ingine. Alikuwa anakunywa akisimama, karibu na mlango. Mpaka watoto wangu wakakuwa wakubwa, hajakaa."

Nilimtazama Mama. Miaka hiyo yote, kila msimu wa kulima, alituambia Baba ameenda kuwasalimia wenzake wa jeshi. Alikuwa ameinamisha kichwa, akikunja na kukunjua leso. Hapo ndipo nilipouelewa ubeti wa tatu, nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Baba hakuwahi kujisifu. Alikuwa anajishtaki. Katika bonde lile lote, lenye waliocheka, waliookota na waliokamata, hatia ya kifo cha Otieno ilibebwa na mtu mmoja tu, yule aliyesema breki haishiki.

Nikamtafuta tajiri kwa macho. Hakuwa mbali. Alikuwa mstari wa mbele, mzee sana sasa, mahali pa wageni wa heshima, kwenye kiti chenye mto. Alikuwa ameketi vizuri. Alikuwa ameegemea.