Mama Alizikwa Ng'ambo ya Mto

Mama alizikwa kwetu Mwingi siku ya Jumamosi, nami nilikuwa Garissa, nimejifungia nyumbani kwangu mtaa wa Waberi. Mto Tana ulikuwa umefurika na kuikata barabara. Mabasi hayakuvuka.

Kilichoniuma kuliko kifo chenyewe ni ahadi. Mimi ndimi kifungua mimba wake, naye aliniagiza, kwa ile sauti yake isiyotaka mjadala, kwamba siku ya kuzikwa nimwombee mimi, si mchungaji, si mjomba. Niliitikia. Sasa niliketi na simu isiyoshika mtandao, nikijaribu kumwombea kutoka huku, na ulimi ukakataa. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu. Alijua barabara ni moja tu.

Zamani ningewaita wenzangu wa ushirika. Lakini wengi wao, walimu wa kutoka bara, walikuwa wamehama mmoja mmoja kwa hofu ya mashambulizi, wala siwalaumu. Jumapili tulisalia wachache, tukipekuliwa na askari langoni, kisha tukiimba kwa sauti ya chini utadhani nyimbo ni za wizi. Niliposikia mama amefariki nilimwomba Mungu jambo moja: aniletee mtu mmoja wa kanisani aje aketi nami. Hakuja mtu. Basi na mimi nikanyamaza.

Mchana ule wa maziko mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yangu, mama wa Kisomali ambaye mbuzi wake walinimalizia sukuma wiki nilizopanda kwenye magunia, na tangu siku hiyo tulikuwa tunanuniana. Alibeba chupa ya chai.

"Bole, abaayo," alisema, yaani pole, dada yangu. "Kwa nini umefunga? Mlango ya kilio hafungwi. Watu ataingia wapi?"

Aliusukuma mlango hadi ukutani, akaketi mkekani bila kukaribishwa. Chai ilikuwa ya maziwa ya ngamia, sukari tele. Hakunihubiria wala kunipa mawaidha. Kwao mfiwa haachwi peke yake, basi. Alikuja kukaa, akakaa. Nilitamani aondoke, na niliogopa ataondoka.

Adhana ya alasiri ilipolia, nikajua sasa ataondoka. Kumbe aliomba maji, akatawadha, akatandaza shuka lake sebuleni, akaupa kisogo msalaba wangu wa ukutani, akaswali. Alipomaliza alirudi palepale mkekani.

"Mimi nimeomba yangu," akasema. "Sasa wewe omba ya mama. Mimi siwezi omba ya kwenu, lakini nitakaa hapa."

Nililia kwanza, kilio kibaya cha kamasi, naye akanitazama tu. Kisha nikaomba kwa sauti, kwa Kikamba, lugha ambayo mama alinifundishia Baba Yetu nikiwa mgongoni mwake. Nilimkabidhi mama kwa Mungu, nikamwambia Mungu hasira zangu pia, maana zilikuwemo. Jirani yangu hakuelewa hata neno moja. Niliposema amina, akaitikia, "Amiin."

Mbuzi wake bado hunilia sukuma, nami bado nawarushia mawe. Ila nimeacha kumwuliza Mungu kwa nini siku ile hakunitumia mtu.