Nilivyojisifu kwa mama mkwe kwamba nina "uso mpana" wa Kijapani

Wakuu, habari za humu. Hili nimekaa nalo wiki mbili, leo nalitua. Sipunguzi kitu. Nikiongeza, zitakuwa sifa zangu tu, na hizo mmeshazizoea.

Mimi ni mzaliwa wa Rungwe Mpya, Kasulu. Nimeishi Japani miaka minne, nimerudi na diploma ya ufundi magari na sasa nina gereji yangu Kibondo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Nilitaka kumwoa Yusta. Kikwazo kilikuwa mama yake, mwalimu mstaafu aliyeletwa Kumsenga, huku Kibondo, na kazi kutoka Singida, akabaki. Asipokubali yeye, mshenga hapokelewi.

Siku ya kujitambulisha akaniuliza, "Huko umejifunza nini zaidi ya spana?"

Nikaona nafasi hiyo.

"Mama, Wajapani wana neno hiroi. Chumba chenye nafasi ni hiroi, barabara pana ni hiroi. Mtu asiye na kinyongo, wanasema moyo wake hiroi. Anayejuana na watu wengi, uso wake hiroi. Ukitandaza mkeka, hirogeru. Habari ikienea yenyewe, hiromaru."

Alinisikiliza kama anasahihisha daftari.

"Na wewe una kipi kipana?"

Wakuu, hapo mwenye akili angejibu moyo.

"Uso, mama. Kibondo mpaka Kasulu, nani hanijui?"

"Haya. Kesho unisindikize sokoni."

Diploma haifundishi kunyamaza, nakiri.

Sokoni Kibondo akasimama kwa mama muuza ndizi. "Unamjua huyu?"

"Si yule wa gereji anayeinama! Nilimpa mkono, akainama kama kaangusha sarafu. Mkono nikaurudisha kwenye khanga."

Muuza dagaa akadakia, "Mimi nilijua tumbo linamuuma. Nikamwombea!"

Soko zima likaangua kicheko. Na kweli, kila mtu alikuwa ananijua.

Kwetu Uha unasimama, unashika mkono, unauliza za nyumbani, za watoto, za shamba, ndipo unapita. Mimi nilikuwa nainama kidogo, Kijapani, na kuondoka. Nilidhani wanaona msomi. Walikuwa wanaona dharau.

Tukarudi Kumsenga, mama, mimi na Yusta aliyetufuata sokoni. Yusta akawa anatazama milima. Mlangoni ndipo mama akasema, "Kesho asubuhi uje. Kuna maharage ya kuanika."

Nikaenda na shati jeupe. Turubai liko kando ya njia, na ni siku ya gulio la Kumsenga. Natandaza maharage, akipita mtu mama anakohoa. Nainuka, najipangusa, natoa mkono na salamu ya Kiha: "Mwakeye! Za nyumbani?"

Muuza ndizi alipita makusudi mara tatu. Ya tatu akagoma kuachia mkono wangu. "Hujaniuliza za mbuzi."

Nikamwuliza za mbuzi, mmoja mmoja.

Saa saba mchana shati lilikuwa rangi ya udongo. Mama akaniletea uji, akakaa.

"Uso tumeupunguza kidogo, mwanangu. Moyo umeanza kuonekana. Mwambie mshenga wako aje Jumamosi."

Kabla sijamaliza uji, shangazi kapiga simu kutoka Kasulu: "Nasikia unaulizia hali za mbuzi?" Hiyo ndiyo hiromaru, wakuu.

Nilichojifunza: kujulikana na watu ni jambo moja, kuwajali ni jingine, na la pili linachosha mgongo.

Mliorudi kutoka nje na tabia mpya, semeni zilivyowatoa jasho. Wa kunicheka ruksa, ila aanze na salamu. Kamili, mpaka mbuzi.