Gari la Baba Lililokataa Kupata Joto

Wiki iliyopita nilikuwa na shughuli Malvern, pembeni mwa jiji la Toronto, nikajikuta nimekata kona kuingia mtaa wetu wa zamani bila hata kuwasha indiketa. Aliyekuwa nyuma yangu alinipigia honi ya hasira, na alikuwa na haki. Nilisimama mbele ya nyumba ambayo tulipanga vyumba vya chini ya ardhi nilipokuwa mdogo, nikaangalia ile njia ya kuingilia gereji. Zege limepasuka hapa na pale, lakini doa jeusi la oili bado lipo, rafiki yangu. Nilicheka peke yangu ndani ya gari, halafu machozi yakanilenga, ndipo nikaona bora nikusimulie.

Doa lile ni la gari la baba. Lilikuwa gari kubwa la porini, la kijani kilichopauka, na umri wake ulizidi wangu zaidi ya mara mbili. Baba alilinunua mwezi wa sita kwa mkulima mmoja wa kaskazini mwa jiji, nikiwa na miaka tisa. Ili kulipanda ulihitaji kunyanyuliwa, na likiwashwa vyombo vya mama vilitetemeka kabatini. Mimi nililipenda mara moja. Mama hakulipenda hata kidogo, akaliita mke mwenzake. Jumamosi asubuhi, baba akianza kutafuta ovaroli yake, mama alimwambia, "Nenda, nenda kamsalimie mke mwenzangu, nisije nikaambiwa nina wivu."

Lazima nikuambie baba alikuwa nani. Arusha, kabla hatujahamia Canada, alikuwa fundi wa magari ya watalii, na si fundi wa kubahatisha. Gari likizama tope porini na wageni wake ndani, yeye ndiye aliyeitwa kwenye redio, usiku au mchana, mvua au jua. Toronto alipata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala moja Scarborough, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Huko hakuna aliyemwita fundi. Sikumsikia akilalamika, ila alirudi nyumbani amenyamaza, akala akiwa amenyamaza. Gari lilipokuja, alianza tena kuimba bafuni.

Basi Jumamosi zetu zilikuwa hivi. Mama anasukuma chapati, tangawizi inanukia kwenye chai, na kupitia kidirisha cha juu cha jikoni ninaona viatu vya baba tu, vikizunguka gari. Nikishamaliza kuosha vyombo natoka kwenda kumwangalia. Alilipandisha juu kwa springi nzito. Alichomelea keria iliyoundwa kwa mabomba ya maji na bampa ya chuma ambayo watu wawili hawakuweza kuinyanyua. Akaweka na bomba refu la kupumulia, linalopanda hadi juu ya paa, ili injini isimeze maji tukivuka mto. Mto gani, hakuna aliyejua. Mto pekee uliokuwa karibu nasi ulikuwa na daraja zuri tu la serikali.

Kilichoniacha mdomo wazi hasa ni jinsi alivyolisikiliza. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. "Hapa pana beringi inalia," alisema, na mimi sikusikia chochote ila kelele. Akafungua, akanionyesha gololi yake iliyolika, ndogo kama punje ya hindi. Nilikuwa nimeshaona wachawi kwenye vitabu vya shuleni na hakuna hata mmoja aliyenishangaza kama baba yangu.

Halafu baridi ikaingia. Mwezi wa kumi na moja tukagundua kwamba hita ya gari inapuliza hewa baridi. Si vuguvugu, baridi kabisa. Kwenda kanisani Jumapili tulijifunika mablanketi mawili, na kazi yangu ilikuwa kukwangua barafu iliyoganda upande wa ndani wa kioo kwa kadi yangu ya maktaba. Mama alikuwa mjamzito. Alikaa mbele na blanketi mpaka kidevuni.

Mwezi wa kwanza viza ya bibi, mama yake mama, ikatoka. Angekuja mwezi wa pili kumuuguza mwanawe uzazi, kama inavyopaswa. Tulirukaruka kwa furaha, kisha mama akakaa chini na kumgeukia baba.

"Baba Neema, nisikilize vizuri. Mama yangu barafu anayoijua ni ile ya kwenye friji. Sitamtoa kwenye jua la Arusha nimpandishe kwenye friji lenye magurudumu. Hita ikifanya kazi, sawa. Isipofanya, siku anatua, gari hili liwe limeshaenda kwa watu wa vyuma chakavu, na wewe utafute gari dogo kama wenzako."

"Sawa, mama Neema," baba alijibu, na sauti yake ilikuwa ile nyonge ya kutoka ghalani.

Nililia kitandani, kwa sababu nilielewa. Gari likiondoka angebaki na maboksi tu. Na kumgandisha mama mkwe! Baba alikuwa mtu ambaye mbele ya mama mkwe wake hata kukohoa aliomba radhi. Angemtazamaje usoni?

Alijifunga kibwebwe. Jumamosi ya kwanza aling'oa dashibodi yote. Jumamosi ya pili alibadilisha feni ya hita. Akasafisha mabomba yake kwa maji ya moto, akabadilisha mipira, akabadilisha swichi. Vidole vilipasuka kwa baridi, akawa anavipaka mafuta ya mgando na kuvifunga vitambaa. Hita iliendelea kupuliza baridi ile ile. Mwenye nyumba wetu, mzee wa Kigoa aliyezaliwa Dar es Salaam, alishuka siku moja na boksi la televisheni mkononi.

"Bwana mdogo, wenyeji wa hapa huziba rejeta kwa boksi. Jaribu."

Baba alitoa macho. "Mzee wangu, unataka niiue injini? Rejeta ni lazima ipigwe na upepo ipoze maji!"

"Haya, mimi nimesema tu. Basi lipeleke gereji, wana mashine za kupimia."

Mzee alirudi juu na boksi lake, na mimi nilimwona baba akisugua spana iliyokuwa safi tayari. Kumpeleka yeye gereji ilikuwa sawa na kumwambia mama aajiri mtu wa kumpikia chapati.

Ikabaki Jumamosi moja kabla ya bibi kuja. Gari liliwashwa asubuhi, likanguruma nusu saa nzima huku baba akiwa chini ya dashibodi. Mama alitoka na kikombe cha chai, tumbo mbele, akapanda kiti cha dereva taratibu, akakaa. Nilidhani amekuja kuliaga gari. Akawa anaangalia saa na taa za dashibodi, kama anavyoangalia mashine za wodini kwake, maana mama ni muuguzi.

"Baba Neema, mshale huu ni wa nini?"

"Wa joto la injini."

"Mbona umelala?"

Baba alitoa kichwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Umeona, eh? Haupandi hata siku moja. Tangu nilinunue, gari hili halijawahi kuchemka."

Mama hakutabasamu. "Limewaka nusu saa na bado ni la baridi hivi? Mgonjwa akija kwetu na joto la chini namna hii hatumsifu. Tunakimbia kumwita daktari."

Baba alikaa sakafuni mwa gari, ameshika tama. Kisha akasema polepole, "Mungu wangu. Themostati."

Nikueleze, maana na mimi nilielezwa. Themostati ni kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini, maji yale yale yanayoipa hita joto. Injini ikiwa baridi, hufunga njia ili maji yabaki ndani yapate joto, na yakishapata joto hufungua yaende kwenye rejeta. Kwa mafundi wa kwetu Arusha, kwenye joto na vumbi na milima, hicho ni kidude cha kukwama na kuchemsha gari tu. Ukinunua gari kuukuu, kabla hujaliosha, unakitoa na kukitupa. Baba alikitoa siku ya pili, bila kufikiri, kama unavyotoa lebo kwenye shati jipya. Kisha miezi mitatu ya baridi akawa anajivunia mshale uliolala, huku akitafuta joto alilolifukuza kwa mkono wake mwenyewe.

Bahati nzuri hakukitupa. Tulikikuta kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya nati na misumari. "Lazima nikipime kwanza," alisema, akamtazama mama kwa woga. "Nitahitaji sufuria." Mama, ambaye hakuruhusu hata kijiko chake kiguse gereji, akatoa sufuria yake ndogo ya maziwa na kuiweka mwenyewe jikoni.

Tulisimama watatu kuizunguka. Baba alikifunga kile kidude kwa uzi, akakizamisha kwenye maji, kimefunga kabisa. Maji yakaanza kutoa vipovu vidogo. Hakuna kilichotokea. Mvuke ukapanda, dirisha likajaa ukungu, na nilikuwa nimeshika gauni la mama kwa nguvu. Na ndipo, bila waya, bila betri, bila mtu kukigusa, kikaanza kufunguka. Taratibu, rafiki yangu, kama jicho la mtoto anayeamka. Baba alikitoa kwenye maji na kukishika hewani, kikapoa, kikafumba. Alikizamisha tena, kikafumbua. Nilipiga kelele kwa Kiingereza, maana kila nilipochanganyikiwa ndicho kilichonitoka, na kwa mara ya kwanza mama hakunikumbusha Kiswahili. Alikuwa amepigwa butwaa kuliko mimi. "Kumbe kinajua chenyewe," alinong'ona, na baba akamjibu, "Kinajua." Nimeona mambo mengi tangu siku ile, na nimesomea mengine chuo kikuu, lakini jikoni pale ndipo nilipojua kwamba dunia ina akili iliyofichwa ndani ya vitu.

Alikirudisha mchana ule ule. Boliti mbili tu na gasketi mpya ya kuzuia maji yasivuje, aliyoikata kutoka kwenye boksi la nafaka. Dakika kumi baadaye mshale uliinuka, ukasimama katikati, na hita ikatupulizia joto usoni lenye harufu ya vumbi lililoungua. Mama aliweka mikono yake miwili kwenye tundu la hita na hakuitoa kwa muda mrefu.

Bibi alitua wiki iliyofuata, theluji ikianguka. Baba alimshika mkono, akamwekea ngazi ya plastiki apande, akafunga mlango polepole. Hatukuwa tumefika barabara kuu bibi akaanza kuvua: kwanza skafu, kisha koti tulilompelekea uwanjani, kisha sweta. "Jamani, punguzeni moto, mnanipika!" Tulicheka sote. Halafu akalitazama gari, dashibodi, paa, akauliza, "Baba Neema, gari kuukuu namna hii, ni nani anakutengenezea huku ugenini?"

Baba alikaa sawa kwenye kiti chake. "Mimi, mama. Mimi ni fundi."

Aliisema polepole, kwa sauti nene ambayo sikuwahi kuisikia. Mama, aliyekaa nyuma nami, hakutia neno lolote la utani. Alinishika mkono tu.

Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu ililimaliza kwa kutu gari lile majira manne ya baridi baadaye. Bibi naye alirudi Arusha, na hayupo tena. Mdogo wangu aliyezaliwa mwaka ule ana gari ambalo ukifungua boneti unakutana na kifuniko cha plastiki, na likiugua linasomwa na kompyuta. Baba anaendesha gari dogo, kimya, la joto. Akiulizwa na wageni alikuwa anafanya kazi gani, anasema alikuwa ghalani, amestaafu, na kubadilisha mazungumzo. Mara nyingine ninamuuliza jambo la injini ambalo jibu lake ninalijua, kwa kutaka tu kuisikia tena ile sauti ya siku ile ya theluji. Ananijibu kwa upole, Neema mwanangu, magari ya siku hizi mimi siyajui.