Noeli Tuliyoiasamia Sokoni

Enzi zetu sisi tuliokulia Malangali, Noeli haikuja mikono mitupu. Ilikuja na matope, baridi ya kupenya sweta, na pipi. Hizo pipi tuliziota tangu shule hazijafungwa! Mwaka mmoja mama akazipiga marufuku, na ndiyo Noeli ninayoikumbuka kuliko zote.

Sababu ilikuwa gego la dada yangu Felista. Alikuwa amechaguliwa kuimba peke yake ubeti wa kwanza kwenye misa ya Noeli, kanisa zima likimsikiliza, na nyumbani tulivimba vichwa. Lakini gego lake lilikuwa limetoboka. Akila kitamu tu, shavu linaumuka kama andazi na mdomo haufunguki. Noeli iliyotangulia aliimaliza kitandani, kitambaa kimefungwa kidevuni hadi utosini, huku sisi tunakula wali kwa kuku. Safari hii mama akasema mtoto hatengwi: kama Felista hali pipi, nyumba nzima haili.

Basi tukabeba vikapu kwenda sokoni kuchagua vya kufidia. Mama alikuwa na kipimo chake. Muuzaji akituonjesha, tunatafuna, tunameza, kisha mama anatuinamia mmoja mmoja, tupanue midomo akague meno.

"Asama nione."

Kilichoganda kwenye jino hakiingii kikapuni. Kashata ilishindwa palepale. Biskuti ndiyo usiseme. Maembe yaliyopandishwa kutoka Kaoze, kule bondeni, yakashindwa kwa nyuzi zake, na hapo nikalia kweli. Karanga za kuchemsha zikapita, mayai yakapita, maziwa mgando yakapita, na mbegu za maboga, ambazo Felista angezimenya kwa meno ya mbele, zikapita kwa shangwe. Maana kufikia hapo soko lilikuwa limetuzunguka kwa vicheko, na muuza samaki wa migebuka, mzee mzima, akaja kuasama ili naye apimwe. Nikasahau kulia. Nilitaka tupimwe mpaka jioni!

Asubuhi ya Noeli Felista akasimama mbele na gauni jeupe. Hakuna aliyetazama gauni, sote tulitazama shavu. Akafungua mdomo, na sauti ikatoka nzima, safi, mpaka watu wa nyuma wakanyanyuka kumwona. Baba, ambaye hatukuwahi kumwona akilia, akaanza kupenga kamasi. Mama alinishika mkono, hakuuachia mpaka ubeti ukaisha. Furaha niliyokuwa nayo! Nilijiona nimeimba mimi, na embe la Kaoze nikalisamehe.

Watoto wa siku hizi wanaamka na soda na kulala na keki. Wape mbegu za maboga, watakuuliza kama umefuga kuku. Jino likiuma, linapigwa picha ya simu kwanza, mama anaambiwa baadaye.

Juzi Felista alinipigia simu kutoka Chala. Anakuja kula Noeli kwangu pamoja na mjukuu wake, na sauti yake ilikuwa ileile ya kanisani.

"Mdogo wangu, mtoto ana gego limetoboka. Nyumba yako isiwe na pipi."

Nimeshakaanga mbegu, nyumba nzima inanukia, na mimi mwenye mvi sikaliki. Mama hayupo tena. Lakini wakifika tutakwenda sokoni sote watatu, na mtoto akishaonja nitamwinamia, nimwambie aasame nione. Kisha nitamgeukia Felista, naye aasame.