Kopo la Punje na Magazeti ya Kitale

Mwanangu, kabla hujampigia simu huyo mnunuzi wa mahindi, keti. Kuna siku naikumbuka kila ninapokuona ukichungulia hiyo simu na kusema ati habari za kufungulia mahindi ya Uganda mpaka wa Suam zimezidi, tuuze stoo yote. Umenichosha. Kinachonichosha zaidi ni kwamba mjinga huyo namjua: nilikuwa mimi.

Nilikuwa kijana wa Naitiri, nikifanya kibarua Kitale. Mwaka huo serikali haikueleweka: leo mahindi ya nje yataingia, kesho hayaingii, na yakiingia bei ya yetu inaanguka. Nikaamua kuupima wasiwasi huo. Kila asubuhi nilisimama kwa Mzee Juma, muuza magazeti karibu na msikiti, nikasoma bila kununua (alinivumilia, Mungu amrehemu). Kila habari iliyotaja serikali, mahindi na neno "huenda", nilitia punje moja ya hindi kwenye kopo dogo nililolimwaga kila Jumapili. Wiki moja kopo likajaa. Lisemwalo lipo, nikasema, nikakimbia nyumbani. Mama alisitasita, lakini mimi ndiye niliyesoma. Akauza magunia yote ya msimu kwa bei ya kutupa.

Mpaka haukufunguliwa. Kabla mahindi mapya hayajakomaa, mama alikuwa akinunua mahindi kwa gorogoro, mkebe mmoja mmoja, kwa bei ya juu, kutoka kwa mnunuzi yuleyule aliyeyachukua magunia yetu. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Hasira zangu nikampelekea Mzee Juma, nikamwambia magazeti yake ni ya uongo.

"Mtu akikuja kununua mahindi," akasema, "si anadunga gunia na ile chuma yake, anatoa konzi moja, anaangalia mbovu ni ngapi kwa nzuri ngapi?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa wewe ulihesabu mbovu peke yake, bana. Hiyo wiki ilikuwa ya bajeti, kila gazeti ilikuwa nene. Na maneno ya waziri mmoja ukaiwekea punje tano, ati kwa sababu iko kwa magazeti tano. Hata ungehesabu vizuri, 'huenda' inakuambia tu wakubwa hawajaamua. Haikuambii wataamua nini."

Nikanunua gazeti, la kwanza tangu nimjue.

Kwa hivyo hesabu habari, mwanangu, sikukatazi. Lakini habari moja ni moja hata ukitumiwa na watu kumi, na uipime kando ya habari nyingine zote za siku hiyo. Ukiona wasiwasi umepanda kweli, usiuze yote wala usishikilie yote. Mtaka yote hukosa yote. Uza nusu. Akiba haiozi, wanasema, ingawa mahindi huoza, kwa hivyo hiyo nusu nyingine ianike vizuri.

Haya, mpigie, umwambie ni nusu. Mungu akupe macho ya kusoma na moyo wa kungoja, na mama yako asinunue kamwe mahindi aliyoyalima mwenyewe.