Chungu cha Mlenda Kwenye Mfereji

Mwanangu, siku ile tuliyozibua mfereji kule Nkoaranga haijanitoka kichwani, ingawa Waingereza waliotutawala wakati huo walikwisha kwenda zao. Nilikuwa likizoni kutoka sekondari, na kiburi kilinizidi kimo.

Kwetu, mtu hakupewa zamu ya maji mpaka ale na wenye mfereji. Siku hiyo alikuja Saidi, Mrangi kutoka Kondoa, kibarua wa zamani kwenye shamba la kahawa la mzungu. Huko posho ilikuwa unga mtupu. Mwanawe alivimba miguu, nywele zikageuka nyekundu. Baba yangu alimkatia kishamba apande maharage na mboga, lakini bila maji kilikuwa vumbi tu.

Tulitandika majani ya mgomba, tukapakua loshoro, mahindi na ndizi kwa maziwa mgando. Saidi akaweka chungu chake cha mlenda, mboga ya majani ya kwao yenye utelezi. Nikauchota, ukavutika.

"Jamani, Mrangi katuletea kamasi!"

Vijana wakacheka. Saidi akafunika chungu, akaondoka.

Heri kujikwaa kidole, mwanangu, kuliko kujikwaa ulimi. Mshili, mkuu wa ukoo wetu, alirudisha tonge lake kwenye jani.

"Hapa hali mtu," alisema, "mpaka huyu msomi ale alichokitukana."

Wanaume waliochimba tangu alfajiri wakanikazia macho. Nikamkimbilia Saidi.

"Mzee Saidi, nisamehe. Nipe nile."

"Kamasi, wewe msomi utaziweza?"

Akatazama bondeni, kwenye kishamba chake kikavu. Kisha akafunua chungu.

"Kula. Si kwa ajili yako. Mtoto wangu anataka maji."

Nikala. Mshili akala, wote wakala, na zamu ya Saidi ikatangazwa. Mtoto alipona, na mama zetu wakajifunza kupika mlenda. Lakini Saidi, aliyekula na baba yangu miaka yote, mimi nikiingia tu alikuwa ananawa mikono na kuaga.

Basi sikia. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Nasi tulipona kwa majani yake. Akikuletea chakula cha kwao, onja kabla hujasema. Wewe mpe ndizi na maharage, yeye akupe mboga zake, maana mwili haujengwi na unga peke yake. Na ukimkosea, usidhani msamaha wa shida ni msamaha wa moyo.

Mungu akujalie jamvi pana, mwanangu, na ulimi mfupi.